Unga ukiitwa mpenzi kwenye wimbo, msikilizaji atajuaje?

Mtunzi_Chipukizi: Wakuu, habari zenu. Natunga wimbo kuhusu uraibu wa heroini, na dawa nimeifanya mwanamke. Sitaki kuitaja kwa jina hata mara moja. Ila ukisema "mtamu", "umeniteka", "siwezi bila wewe", huo ni wimbo wa mapenzi kama mingine. Nifanyeje ili msikilizaji ashtuke mwenyewe?

KinaNaMizani: Mkuu, mpe huyo mwanamke mambo ambayo hakuna mpenzi anayeyaacha mwilini. Yamejaa kwenye arosto, yaani mateso ya mwili dawa inapokosekana: miayo isiyokatika, kamasi na machozi bila kilio, vinyweleo kusimama kwenye joto, mifupa kuuma, tumbo kuharisha. Halafu zingatia saa. Arosto ya heroini huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo akiondoka magharibi, alfajiri yake ndiyo kilio, si mwezi ujao. Mfano:

*Kaniaga magharibi, alfajiri mifupa yamlilia,*
*Miayo haikatiki, jasho la baridi lanitiririkia.*

Aliyewahi kuuguza teja ataelewa kwenye mstari wa kwanza.

SautiYaPili: Naongezea. Amua nani anazungumza. Bendi ya Metallica kwenye "Master of Puppets" (1986) waliipa dawa yenyewe sauti: ndiyo bwana, mtumiaji ni kikaragosi wake. Bendi ya Guns N' Roses kwenye "Mr. Brownstone" (1987) wakaifanya jamaa anayebisha hodi na hataki kuondoka, na humo humo wakaeleza usugu wa mwili: kidogo kilitosha, kikaacha kutosha, kikazidi kuongezeka. Nyimbo nyingi zinalisahau hili, na ndilo linalotenganisha uraibu na mapenzi. Basi mwanamke wako apandishe dau kila ubeti. Wa kwanza anataka simu, wa pili kitanda, wa tatu mabati ya nyumba ya mama. Na anachotoa kipungue: mwanzo raha, mwisho ni kutuliza maumivu tu.

Mtunzi_Chipukizi: Shukrani sana. Na kiitikio?

KinaNaMizani: Hapo ndipo wengi wanateleza. Watu wanashika kiitikio, beti wanaziacha. "Swimming Pools" ya rapa Kendrick Lamar (2012) inaonya dhidi ya ulevi, lakini kiitikio chake kimechezwa sana kama mwaliko wa kunywa. Chagua maneno yasiyobadilika lakini yanayogeuzwa na ubeti uliotangulia. "Nifungulie mlango" baada ya ubeti wa kwanza ni hamu, baada ya ule wa mabati ni mama anayeombwa na mwanawe aliyemwibia. Usichanganye na mafumbo mengine ya nyoka, shimo na pepo, mwanamke anatosha.

SautiYaPili: Na tafadhali usimwite mtumiaji "maiti inayotembea". Msemo huo unamzika mtu aliye hai. Hospitali ya Muhimbili, Dar, wanatoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, tangu 2011, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Ukitaka ubeti wa nne, huyo mwanamke amkute mgonjwa kwenye foleni ya dirisha la methadoni, amwite, naye asogee hatua moja mbele.