Hivi we siku gani ya wiki unaipenda na ipi huitaki kabisa?

Wakuu, kila mtu akisema Jumatatu ndo mbaya namshangaa, kwangu mbaya ni Jumapili jioni, ile saa kumi na mbili jua linazama na shati la kesho bado halijapigwa pasi, moyo unakuwa mzito kama nadaiwa. Ijumaa ndo siku yangu. Nyie je?

KobeMzee: Jumamosi asubuhi mkuu. Alamu inalia kwa mazoea, naizima, nageukia ukutani narudi kulala. Raha yake we acha tu

Alfajiri: Mtanicheka ila mi napenda Jumatatu 😂 wiki bado mpya haijachafuka. Jumanne ndo siielewi, ipo ipo tu

MpendaManeno: Ila mnajua kwa Kiswahili wiki inaanza Jumamosi? Hesabu, mosi, pili, tatu, nne, mpaka Jumatano ambayo ni ya 5, halafu inakuja Alhamisi ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya 5 manake wao wanaanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo tuna siku mbili za tano zimefuatana, ndo maana katikati ya wiki hapaishi haha

KobeMzee: 😂😂 aisee hiyo sikuwahi kuiwaza

WaZamu: Sisi wa zamu hatuna hayo mambo bana, ofu yangu wiki hii imeangukia Jumanne so Alfajiri tafadhali iheshimu