Naomba ushauri: gari limevutwa Chicago, betri imegandia yadi

Wakuu habari. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Marekani kwenye baridi.

Gari limevutwa na brekdauni Chicago, kwenye barabara isiyoruhusu kuegesha saa 9 usiku hadi saa 1 asubuhi, Desemba 1 hadi Aprili 1. Marufuku hiyo ipo hata theluji isipoanguka, na hapo ndipo wengi hunaswa. Kuvutwa dola 150, faini 60, halafu 25 kwa kila siku gari linapokaa yadi, yaani uwanja wanakoweka magari yaliyovutwa. Kungoja wikiendi ipite ni hasara tupu.

Leseni, kadi ya gari na bima ninavyo. Kinachonisumbua ni betri. Nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri, na betri iliyoisha chaji huanza kuganda kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Ubavu wake umeshatuna. Iliyoganda haibustiwi, inaweza kulipuka, kwa hiyo waya za kubusti nimeziacha nyumbani. Je, niende na betri mpya na spana namba 10 niifunge palepale, au niite brekdauni nyingine hadi gereji?

Jingine: handbreki ilikuwa juu. Gari likinyanyuliwa mbele, tairi za nyuma huburuzwa bila kuzunguka na kulika sehemu moja. Zaidi ya tairi na bampa, nipige picha wapi kabla ya kusaini kulichukua gari? Na nikishalipa, faini bado naweza kuipinga?