Madalali wa pikapu Nairobi, mkiandika 4x4 iwe ni 4x4!

Wadau, uzi huu una hasira. Asiyetaka kelele apite.

Zunguka yadi za Ngong Road, Kiambu Road na Mombasa Road. Kila pikapu iliyoinuka kidogo imebandikwa stika ya 4x4 (yaani injini inasukuma magurudumu yote manne) ubavuni, imevishwa tairi za matope na bampa ya chuma, na bei imepanda kwa ajili ya hayo mapambo. Sasa lala chini na tochi. Propela ya mbele, ile shafti ya kupeleka nguvu ya injini mbele, hakuna! Ilifunguliwa zamani, ikauzwa Grogan kama spea, na ule mkono wa 4H na 4L (4x4 ya kasi na 4x4 ya polepole yenye nguvu) umeachwa ndani ya kabini kumdanganya mteja. Ukiuliza unaambiwa, “Boss, hiyo tulitoa ili isinywe mafuta.” Hiyo basi ni pikapu ya kupeleka viazi Marikiti, na mvua ikinyesha hata huko mtaisukuma.

Halafu kuna zile ambazo hazijawahi kuwa 4x4 hata siku moja. Hilux na D-Max zipo zilizotoka kiwandani zimeinuka vilevile, ila zinasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ukichungulia mbele hukuti difu (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia) wala shafti za kwenda kwenye magurudumu. Mtu anaongeza stika na laki kadhaa, anamsubiri mgeni.

Kumkamata muuzaji wa namna hii hakuhitaji kompyuta. Fika gari likiwa baridi, na uwaambie mapema wasiliwashe. Ukikuta bonneti ina joto, kuna moshi au mlio wa kugonga wa asubuhi uliofichwa, rudi siku nyingine. Lala chini, ifuate propela ya mbele kutoka transfa (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu mbele na nyuma) hadi difu. Bolti ziwe zimekamilika kwenye flanji zote mbili. Ishike kwa mikono miwili uitikise: ikigonga, krosi (viungo vyake) zimekwisha. Flanji yenye kutu kavu na vumbi lililoganda bila alama ya spana ni dalili ya kitu kisichoguswa miaka.

Kisha endesha. Tafuta eneo tupu la murram, weka 4H, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole. Pikapu nyingi za hapa hazina difu ya katikati ya kuruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yanapopita njia za urefu tofauti kwenye kona, lazima yapigane. Usukani utakuwa mzito, gari litakaza, tairi zitakwaruza. Likizunguka laini kama liko 2H (magurudumu ya nyuma tu), mbele hapafanyi kazi, hata dalali aape. Kwenye lami mita chache zinatosha kulisikia, zaidi ya hapo unavunja gia za transfa. Sasa 4L. Gia ya kwanza, mizunguko 2,000, gari liende mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, maana transfa inapunguza kasi kwa takribani mara 2.5. Mteremkoni, ukiachia breki na klachi ikiwa juu, injini yenyewe ishikilie gari. Kama linakukimbia, 4L haijaingia.

Na msikubali taa ya kijani ya dashibodi kama ushahidi. Kwenye Hilux zenye kiunganishi cha vakyum kwenye difu ya mbele, taa inayopepesa bila kutulia mara nyingi ni mpira wa vakyum uliopasuka au kifaa chenyewe kilichokufa. Propela inazunguka vizuri, shafti ya gurudumu imebaki imeachana na difu.

Kinachoudhi zaidi ni “lift”. D-Max za kizazi cha kwanza zina torsheni baa mbele (vyuma vinavyojisokota badala ya springi), na kuna fundi wa kona anayekaza bolti mbili, pua ya gari inainuka, na tangazo linasema “imefanyiwa suspension”. Hakuna kilichoongezwa hapo. Gurudumu limesukumwa chini mpaka mwisho, halina tena nafasi ya kushuka, kwa hiyo kwenye mawe ya Suswa linaning'inia hewani wakati ungelihitaji lishike ardhi. Weka jeki chini ya chesisi, inua taratibu, tazama. Gurudumu lenye afya lifuate ardhi kwa sentimita kadhaa kabla ya kuachia. Likiachia papo hapo, mmeuziwa urefu wa picha. Wanaoweka spesa nene juu ya springi hawana tofauti: ukipita kama sentimita 5, CV (viungo vya shafti za magurudumu ya mbele) zinafanya kazi kwa pembe kali, mipira yake inachanika, vumbi linaingia, baada ya hapo ni ta-ta-ta kila kona. Angalia upande wa ndani wa rimu. Grisi iliyorushwa hapo haidanganyi.

Pikapu nyingi za bei nzuri zimetoka machimboni na kwenye saiti za ujenzi. Zimebeba kokoto kupita kiasi, zimeongezewa majani ya springi, kisha chini pamepigwa rangi nyeusi au oili chafu siku moja kabla ya kuuzwa. Rangi mpya kwenye kipande kimoja cha chesisi ina kitu inachoficha. Kwangua kwa bisibisi nyuma ya kabini, kwenye mashikio ya springi na yanaposhikwa mashoki. Ufa na welding huanzia hapo. Navara D40 ziangaliwe mara mbili. Uingereza zinajulikana kwa chesisi kuoza na kukatika nyuma ya kabini, na iliyotoka huko imekula chumvi ya barabara za baridi.

Fungua plagi ya kujazia oili ya difu, mbele na nyuma, chovya kidole. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Sababu huwa ni kipumulio kilichoziba: difu ya moto ikitumbukia mtoni, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili.

Snokeli nazo, yale mabomba ya kuvutia hewa juu! Injini ikiunguruma, ziba mdomo wake kwa kipande cha ubao. Lazima injini ikabwe. Ikiendelea kama kawaida, inavuta hewa kwingine, na mtoni itavuta maji kutoka hapo hapo. Maji hayabanwi kama hewa, kinachopinda ni konrodi, mkono wa pistoni.

Injini kwa ufupi. Hilux D-4D ya lita 3.0, uliza washa (pete za kuzibia) za chini ya nozeli zilibadilishwa lini. Zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio la ndani ya sampu, na injini inakufa kwa kukosa oili. Taiming belti isiyo na tarehe wala kilomita, hesabu ni ya kubadilisha kesho. Tairi, soma tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni: 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016, hata kama kashata zake ni ndefu.

NYONGEZA kwa wanaouliza logibuku: tafuta rekodi ya gari kwenye NTSA (mamlaka ya usafiri) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata deposit. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibati. Jina la benki au kampuni ya mikopo likiwa pale pamoja na la muuzaji, deni lipo, na barua ya “tumemaliza kulipa” haibadilishi rekodi. Anayehamisha umiliki aanze yeye kwenye akaunti yake, wewe ukubali kwenye yako.

Na nyinyi wenye yadi mnaosoma kimya kimya: picha tano za rimu hatuzitaki. Wekeni moja ya chini ya gari, kutoka transfa hadi difu ya mbele. Tangazo lisilo nayo tutalisoma kama la 2WD (magurudumu mawili tu), na bei tutakayotaja ni ya 2WD.