Maktaba ya chuo na hizi "wiki za ustawi": tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiyetaka kusoma apite tu. Ila wakutubi, walezi wa wanafunzi na viongozi wa serikali za wanafunzi mliomo humu, nyie msipite.

Chuoni kwetu (sikitaji, msinilazimishe) maktaba imeshikwa na homa ya matukio. Leo jioni ya ushairi, kesho mjadala wa kitabu, keshokutwa wiki ya ustawi wa mwanafunzi. Mabango mlangoni, puto zimening'inizwa kwenye rafu, mpiga picha anazunguka kama yuko harusini. Tuelewane mapema: matukio siyapingi. Mashairi nayapenda, na nimekutana na marafiki zangu wa maana kwenye mijadala ya vitabu hiyohiyo. Kinachonikera ni maktaba kuacha kazi yake ili ifanye matukio, halafu matukio yenyewe yafanywe ovyo.

Wiki ya ustawi iliwekwa wiki moja kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula. Ukumbi mkubwa wa kusomea, ule wenye meza pana na soketi zinazofanya kazi, ulifungwa tangu asubuhi ili yapangwe viti vya wageni. Sisi tukaambiwa tupande ghorofa ya juu, ambako nusu ya taa haziwaki. Mada ya siku hiyo ilikuwa namna ya kukabiliana na msongo wa mawazo wakati wa mitihani. Naapa sitanii. Watu wamekaa sakafuni kwenye korido, laptop zinazima chaji, na kipaza sauti kinapenya ukutani kikiwaambia wafumbe macho wavute pumzi ndefu.

Mgeni rasmi alichelewa, kama kawaida. Alipofika akatusimulia ile habari ya maktaba ya farao iliyoandikwa mlangoni kwamba ni mahali pa kuponya roho. Habari yenyewe ipo, aliiandika mwanahistoria Diodorus wa Sisilia karne ya kwanza KK. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikawa nawaza: hii hospitali yetu ya roho inafunga saa mbili usiku, wikiendi inafungua nusu siku, na wanafunzi wanaoishi nje ya chuo wakitoka kwenye vipindi vya jioni wanakuta mlinzi anazungusha kufuli. Hapo mtu anaponywa saa ngapi?

Sasa nije kwenye lililonikera kuliko yote, na ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Meza ya ushauri nasaha iliwekwa pale getini, mnapokaguliwa mabegi, pembeni ya kiti cha mlinzi. Juu ya meza kuna daftari la wazi lenye safu za kuandika jina, namba ya usajili, simu, na ya mwisho imeandikwa "changamoto inayokusumbua". Kila anayekuja anasoma za waliomtangulia. Nimeona kwa macho yangu watu wanamcheka aliyeandika kuwa ameachwa. Mwingine aliandika "familia", akaangalia nyuma, akafuta akaandika "masomo". Vyumba vya majadiliano ya vikundi vipo palepale maktaba, vina milango inayofungika, na siku hiyo vilikuwa vimejazwa viti vya ziada na maboksi ya fulana za tukio.

Kisha wakagawa dodoso. Waliosoma saikolojia au udaktari wanalijua, PHQ-9. Maswali tisa kuhusu hali yako ya wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, ukijumlisha unapata kati ya 0 na 27. Lilichapishwa mwaka 2001 na linatumika nchi nyingi kuchuja dalili za sonona. Dodoso halina kosa. Lakini swali la tisa linakuuliza kama umekuwa ukiwaza kwamba heri ungekufa, au kujidhuru. Swali hilo haligawiwi kama kipeperushi. Ukimuuliza mtu, uwe na mtaalamu wa kukaa naye faragha siku hiyohiyo akikujibu kuwa ndiyo, hata kama amesema ni siku chache tu. Tena alama zenyewe si uamuzi kwamba fulani anaumwa, zinampa mtaalamu pa kuanzia mazungumzo. Sisi tulijazia magotini, jina juu ya karatasi, jirani anachungulia. Kijana wa kujitolea akazikusanya akazitupia kwenye boksi tupu la karatasi za printa, likakaa kaunta ya kuazimia vitabu hadi jioni bila hata mfuniko. Nikamuuliza nani anazisoma. "Zitatumika kwenye ripoti," akanijibu, tena kwa upole, maana na yeye hakuelekezwa chochote.

Nina rafiki aliyejibu lile swali la tisa kwa ukweli wake. Hakuna aliyempigia. Si siku ile, si wiki ile. Tulikuja kujua sisi wenzake kwa kuzungumza naye tu, tukamsindikiza kwa mshauri wa wanafunzi, na sasa anahudumiwa. Huyo mshauri ndiye pekee kwa kampasi nzima, anajitahidi mno na simlaumu hata chembe. Siku ya tukio alikuwa ameketishwa meza kuu kwa saa nzima akisubiri zamu yake ya kutambulishwa!

Upande wa fasihi nako ni vituko, ila huko angalau hakuna anayeumia sana. Mjadala wa kitabu unatangazwa, unakwenda rafuni, nakala ziko mbili: moja haitoki nje ya jengo, nyingine iko kwa mhadhiri tangu muhula uliopita. Matokeo yake wasemaji wanajadili jalada na maisha ya mwandishi. Mtu aliyekisoma kweli akinyoosha mkono anaambiwa muda umetutupa mkono.

Shindano la ushairi ndio kabisa. Tangazo lilisema "shairi la aina yoyote". Dada mmoja akasoma shairi huru lililonyamazisha ukumbi. Jaji akamkata alama kwa kukosa vina na mizani. Jamani! Ugomvi huu wa kimapokeo na huru wenzetu walishaupigana tangu miaka ya 1970, mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru, Kichomi, mwaka 1974, na hao majaji wanaufundisha darasani. Kama mnataka mizani kumi na sita kila mshororo, andikeni kwenye tangazo tujue. Washairi walipewa dakika tatu tatu, salamu za viongozi hazikupimwa na mtu.

Halafu kuna suala la kalenda. Aprili 23 ni siku ya vitabu duniani, UNESCO iliitangaza mwaka 1995, basi maktaba inaamka. Oktoba 10 ni siku ya afya ya akili, nayo ipo tangu 1992, inaamka tena. Katikati hapo kuna majaribio, matokeo, ada, sapu (mitihani ya kurudia), misiba ya nyumbani, na maktaba imelala fofofo. Mwanafunzi anayekesha analia Februari asubiri Oktoba?

Najua watakaokuja kusema bajeti hakuna. Kuongeza saa za kufungua kunahitaji wafanyakazi na umeme, hapo nawaelewa, tuzungumze hata kwa wiki za mitihani peke yake. Lakini kutofunga ukumbi wa kusomea wiki ya mitihani kunagharimu nini? Kuhamishia meza ya ushauri kwenye chumba chenye mlango? Kumwachia mtu achague saa ya miadi bila kuandika tatizo lake mbele ya mlinzi? Hela ya fulana na puto ingenunua nakala za kile kitabu kilichojadiliwa bila kusomwa. Na tukiamua kuiga wa nje tuige mpaka kwenye utaratibu. Maktaba ya sheria ya Yale mwaka 2011 iliwaazimisha wanafunzi mbwa wa kuliwaza, dakika 30 kila zamu. Nacheka kila nikiikumbuka, lakini wale angalau waliona mbwa anahitaji ratiba. Sisi hata binadamu anayesema amechoka kuishi hatujampangia zamu.

Tuliandika barua kwa uongozi wa maktaba, tukapita kwa wawakilishi wetu kama taratibu zinavyotaka. Jibu lililorudi limejaa shukrani kwa "maoni chanya" pamoja na mwaliko wa kushiriki kwenye kamati ya maandalizi ya tukio lijalo. Kuhusu zile karatasi hakuna hata sentensi moja.

Swali langu kwa mnaofanya kazi maktaba za vyuo, au mliosomea ushauri nasaha: mwanafunzi ana haki ya kudai karatasi yake irudishwe au ichanwe mbele yake? Adai kwa nani, maktaba, ofisi ya mlezi wa wanafunzi, au kituo cha afya cha chuo? Wenye uzoefu tafadhali, porojo baadaye.

NYONGEZA: Mnaonifuata inbox kuuliza ni chuo gani, acheni. Wachangiaji watatu mmeshataja vyuo vitatu tofauti na kila mmoja ana uhakika ni kwake. Aliyeuliza kuhusu rafiki yangu, asante, anaendelea vizuri na jana alikuwa na miadi yake. Na wewe unayesema tunadekezwa: hukulazimishwa kujaza lile daftari, sisi tulizuiwa kuingia mpaka tusaini.