Mrejesho: vifaa viwili visivyo na jina kwenye waifai ya nyumbani

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza kuhusu vifaa viwili visivyo na jina vilivyoonekana kwenye ruta yetu hapa Ilazo, Dodoma. Kama mlivyonielekeza, nilifungua ukurasa wa ruta kwa kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, nikanakili anwani ya MAC (utambulisho wa kifaa kwenye mtandao, wenye tarakimu na herufi) ya kila kifaa na kutafuta alama zake sita za kwanza, ambazo hutambulisha mtengenezaji. Kifaa cha kwanza kilisomeka Espressif, kampuni ya chipu ya China, na nilipochomoa soketi janja inayowasha pampu ya simtanki, kikatoweka kwenye orodha.

Cha pili ndicho kilichosumbua, kwa kuwa alama zake hazikuwa za kampuni yoyote. Alama ya pili ilikuwa A, na anwani ambayo alama hiyo ni 2, 6, A au E kwa kawaida hubuniwa na kifaa chenyewe. iPhone hufanya hivyo tangu iOS 14, na simu nyingi za Android tangu toleo la 10, ili kuficha anwani halisi. Nilikizuia, na jioni hiyohiyo mpangaji wa chumba cha uani akabisha hodi kuuliza kulikoni intaneti imekata (nenosiri alikuwa amepewa na mwanangu, bila shaka kwa nia njema). Nimelibadilisha, naye nimemfungulia mtandao wa wageni.