Mjadala: Tunaotaka kurudi kwenye maadili ya wazee, tunarudisha yapi?

Ndugu wachangiaji,

Kilio kwamba maadili yameporomoka kinasikika leo misikitini, makanisani na hata bungeni, nami sikibezi, kwa kuwa nimo miongoni mwa wanaoyakumbuka malezi ambamo mtoto alikuwa wa mtaa mzima na mkubwa yeyote aliyemkuta amekosa adabu aliweza kumrudi bila kuomba ruhusa ya mzazi. Ninachopinga ni uteuzi wetu. Tunayadai yale ya zamani yanayombana mwingine, hasa binti na kijana, na tunayanyamazia yale yanayotubana sisi watu wazima.

Tuitazame Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 13 kiliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, ilhali mvulana alitakiwa awe amefikisha 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona kwamba jambo hilo linakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba sheria ile ilizingatia mila na dini za Watanzania, lakini Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Iliandikwa na kizazi kile kile tunachokisifu, lakini bado sijamsikia mtetezi wa mila akijivunia kifungu cha 66.

Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna atakayemshuku kwa kudharau asili yetu wala imani yake ya Kikatoliki, alitutangulia katika jambo hili. Alipoandika kuhusu ujamaa vijijini mwaka 1967 aliisifu familia ya jadi kwa nguzo tatu, yaani kuheshimiana, kushirikiana mali na kila mtu kuwajibika kufanya kazi. Kisha akasema wazi kwamba jamii ile ilikuwa na kasoro mbili, nazo ni unyonge wa mwanamke na umaskini. Tungepima kwa kipimo hicho tungeona kwamba nguzo ya pili, ya kushirikiana mali, ndiyo tuliyoiangusha mapema kuliko zote, na ni nadra kuisikia ikililiwa. Baba mdogo anayemkaripia mpwa wake kwa mavazi yake hajaulizwa kama aliwahi kumlipia ada.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni upungufu wa imani. Sikubaliani nao kirahisi, maana Zanzibar, ambako dini ina mizizi mirefu, ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Anayetaka anaweza kuiona hatua hiyo kuwa ushahidi kwamba watoto wamewatelekeza wazazi, licha ya Kurani na Biblia kuamuru kwa sauti moja kwamba wazazi wahudumiwe na waheshimiwe. Mimi naiona kuwa heshima iliyowekewa fungu, kwa sababu mzee mwenye chochote mkononi bado huketi barazani akaombwa shauri, na asiye na kitu huonwa mzigo hata awe na hekima ya namna gani.

Kama ningeulizwa kipi kirudi kwanza, ningemtaja somo wa mwambao, yule mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa mwari amfundishe mwili wake, unyumba na staha bila kuona haya. Naomba nieleweke kwamba sitetei kumwoza mtoto wala kumkeketa. Nasema kwamba kazi ile ya kufundisha imebaki bila mwenyewe: mzazi anaona aibu, mwalimu anaogopa lawama, na simu imejitwalia nafasi hiyo.

Kwa hiyo, kila atakayechangia akitaka turudi kwenye maadili, naomba ataje jambo moja ambalo yeye mwenyewe, kabla ya kijana yeyote, yuko tayari kuligharimia.