Breki ya mdomo wa mtutu: inafaa kwenye bunduki ya kuwindia?

Mpenda Pori: Habari wakuu. Nina bunduki ya .300 Winchester Magnum, aina ya risasi yenye nguvu kubwa. Teke lake, yaani inavyonisukuma begani nikifyatua, limenifanya nianze kufumba macho kabla ya kufyatua, na hilo linaniuma, maana mnyama anastahili risasi safi. Nifunge breki, kile kifaa chenye matundu cha mdomoni mwa mtutu?

Nyayo: Mkuu, teke litapungua kweli. Breki huelekeza gesi pembeni, na nyingine nyuma kidogo, hivyo bunduki hairuki sana na unaweza kuona kwenye darubini risasi ilipogonga. Tatizo ni masikio. Mlio wa bunduki kama hiyo tayari unapita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuharibu usikivu, na breki inaurudisha mlio huo kwako na kwa aliye kando yako. Porini watu hawavai vikinga masikio, wanataka kusikia majani yakivunjika. Mwongozaji aliyesimama ubavuni ndiye anayeumia zaidi, na yeye hakuchagua breki. Mimi nimeiondoa kabisa. Kama sheria za kwenu zinaruhusu kizuia sauti, funga hicho: kinapunguza teke na mlio pia.

Mpenda Pori: Na nikiifunga kwenye mazoezi tu, nikienda kuwinda naivua?

Nyayo: Sawa, ila pima shabaha upya bila breki, risasi huweza kuhama. Na mazoezini vaa vizibo vya ndani ya masikio pamoja na vikinga vya nje.

Shabaha: Ukifyatua umelala chini, chagua breki isiyo na matundu upande wa chini. Vumbi litakuziba macho.